Shamba la Nabothi na Daftari la Mweka Hazina

Mnamo Agosti 1986 wachungaji wapatao 1,200 walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, nje kidogo ya Nairobi, kwa mwaliko wa Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya, NCCK. Walikuwa Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wengineo wa makanisa ya Kiprotestanti, na wengi wao hawakuwa watu wa kuandikwa gazetini. Walipotawanyika walikuwa wameshakataa jambo moja: mlolongo.

Aliyezaliwa juzi huenda akahitaji kuelezwa. KANU, chama pekee kilichoruhusiwa na sheria, kilikuwa kimeamua kwamba wagombea wake wateuliwe bila kura ya siri. Mpiga kura angesimama nyuma ya mgombea, au nyuma ya wakala aliyeinua picha yake, mchana kweupe, chifu akitazama, kisha vichwa vihesabiwe. Aliyepata asilimia 70 alikuwa amepita, habari imeisha. Sasa msimamishe mchungaji katika uwanja huo. Akijipanga nyuma ya fulani, Jumapili atawapa Meza ya Bwana watu waliokuwa mstari wa pili wakimkodolea macho. Asipojipanga, ataulizwa kwa nini anasusia chama. Wachungaji wale walisema hawajipangi. Serikali ikalegeza kidogo, ikawaondolea viongozi wa dini na maafisa fulani lazima ya kusimama foleni. Raia wengine hawakupata msamaha huo, na mwaka 1988 Wakenya walishuhudia mstari mfupi ukitangazwa kuwa mrefu.

Tukisimulia miaka ile, huwa tunasimulia majabari. Askofu David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki, ambaye usiku wa Aprili 21, 1989 alivamiwa nyumbani kwake Kirinyaga, akapanda juu ya paa na kupiga ukemi hadi majirani wakaja. Askofu Alexander Muge wa Eldoret, polisi wa zamani wa GSU, aliyefia barabarani Agosti 14, 1990 akirudi kutoka Busia, siku chache baada ya waziri mmoja kumwonya kwamba akikanyaga huko huenda asitoke hai. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini. Mchungaji Timothy Njoya, Mpresbiteri aliyeufungua mwaka 1990 katika Kanisa la St Andrew's kwa kuuliza utawala wa chama kimoja una uhai gani Afrika ilhali unaporomoka Ulaya Mashariki.

Sina ugomvi na sifa zao. Tatizo la kusimulia majabari ni kwamba jabari hafundishiki, anapigiwa makofi tu. Mchungaji hufundishika. Wale 1,200 hawakuamka siku moja wakiwa na ujasiri wa simba. Kuna watu na vyuo vilivyowafinyanga, na kazi hiyo ndiyo tuliyoiacha ikafa huku tukiendelea kujenga makanisa.

Chuo chenye sifa kubwa kati ya hivyo kilianzia Pwani. Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ilifunguliwa na wamishonari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1875 iwe makazi ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele iliyokuwa ikipigwa kuwaonya watu wa Freretown ndiyo iliyowaachia wenyeji jina la Kengeleni. Mwaka 1903 likaanzishwa hapo darasa la theolojia. Mwaka 1930 darasa likahamishiwa Limuru, kwenye baridi na chai, na mwaka 1955 Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti wakaanza kusoma chini ya paa moja katika St Paul's United Theological College, ambacho tangu 2007 ni chuo kikuu. Nadhani ule umoja wa bweni ulifanya kazi kubwa kuliko mhadhara wowote. Watu waliokula githeri pamoja miaka mitatu hawawezi kugawanywa kirahisi na mkuu wa wilaya anayewaambia kwamba wa kanisa lile ni wachochezi na wa kanisa hili ni watiifu.

Lakini mtaala wenyewe, kwa sehemu kubwa, ulikuwa wa kurithi: Kiyunani, mababa wa kanisa, mafundisho ya Utatu, namna ya kuzika na kufungisha ndoa. Na nyuma ya mtaala kulikuwa na Uamsho, ule ulioanza Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika kuanzia miaka ya 1930. Ndugu wa Uamsho walijua kutubu hadharani. Mtu alisimama akasema nimeiba, nimezini, nimemchukia jirani yangu, na wenzake wakamwimbia. Walijua pia kukataa: wakati wa Mau Mau wako waliouawa kwa kugoma kula kiapo, na wengi wa ndugu hao walikataa pia kushika bunduki ya mkoloni. Walichokosa ni msamiati wa dhambi isiyo na mtu mmoja wa kuitubia. Ardhi ya kijiji ikihamia jina la kampuni kwa mihuri mitano ya ofisi tano, nani asimame kwenye ushirika aseme nimetenda?

Hapo ndipo elimu ya aina nyingine ilipoingia, na kwanza iliingia kwa mlango wa gazeti. Okullu alikuwa mwanahabari kabla ya kuwa askofu. Alihariri New Day kule Uganda, kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 akashika Target, gazeti la Kikristo lililotoka Nairobi na pacha wake wa Kiswahili, Lengo. Mwaka 1969, baada ya waziri Tom Mboya kuuawa, watu walisombwa kwa malori kwenda Gatundu kula kiapo cha kuishikilia serikali ndani ya kabila moja. Wakristo waliokataa walipigwa, na mzee mmoja wa Kanisa la Presbiteri akauawa. Okullu na wenzake hawakunyamaza. Miaka mitano baadaye akachapisha kitabu, Church and Politics in East Africa, kilichoweka hoja ambayo leo inaonekana ya kawaida lakini wakati ule ilikuwa ya kuulizwa mara mbili: kwamba mchungaji anayehubiri bila kujua bei ya mahindi na jina la mwenye shamba anahubiri nusu.

Kwa Gitari elimu hiyo ilipata mbinu, na mbinu yake inastahili kukaliwa kidogo. Alikuwa mtoto wa mwinjilisti wa Kirinyaga, msomi wa Biblia wa mrengo wa kiinjili kabisa, mtu ambaye hakuna aliyeweza kumwita mkomunisti kwa uso mkavu. Hakuhubiri mada. Alichukua sura nzima, akaifafanua mstari kwa mstari, na akiimaliza anauliza sura hiyo inasema nini leo na hapa. Machi 1975, mbunge J.M. Kariuki alipopatikana ameuawa, Gitari alikuwa na zamu ya tafakari za asubuhi kwenye redio ya taifa. Akamfikia Kaini na Habili, na damu inayolia kutoka ardhini. Aliitwa kujieleza. Mwaka 1987, Bunge likiwa limeshaondoa kinga ya kazi ya Mwanasheria Mkuu na ya Mkaguzi Mkuu wa hesabu kwa haraka ya kushangaza, alihubiri Nyeri juu ya Danieli: mfalme Dario anavyosukumwa na wapambe wake atie sahihi sheria iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Hakutaja jina la kiongozi yeyote aliye hai. Haikuhitajika. Kuna pia mahubiri yake juu ya shamba la mizabibu la Nabothi, enzi ambapo viwanja vya umma vilikuwa vikiyeyuka, na swali lake lilikuwa la kuudhi kwelikweli: je, hakuna Nabothi wa kusema sitoi?

Ubora wa mbinu hiyo ni kwamba inaazimika. Huhitaji kuwa Gitari. Kasisi wa parokia ya mbali, mwenye Biblia na redio, aweza kuifuata, na polisi wakija anawafungulia ukurasa. Dayosisi ya Gitari, kupitia idara ya huduma za jamii, ilikuwa na watu wa afya, wa maji na wa kilimo waliozunguka vijijini, hivyo kasisi aliyetaka kusema juu ya njaa alikuwa na wa kumuuliza. Hilo halisemwi sana. Mahubiri ya haki yasiyo na takwimu za kijiji huishia kuwa kelele, na mwanasiasa mjanja huyapenda, kwa sababu kelele hazimtaji.

Mbinu nyingine ilitoka kwa Wakatoliki, na Waprotestanti wakaiazima bila haya, jambo jema. Anne Hope na Sally Timmel walianza Kenya mwaka 1974 kutoa mafunzo yaliyoitwa DELTA, wakijenga juu ya fikra za Mbrazili Paulo Freire, na mwaka 1984 mwongozo wao ukachapishwa Zimbabwe kwa jina Training for Transformation. Katika mafunzo hayo hakuna mtu anayeanza kwa kuhutubia. Wanaanza na igizo lisilo na maneno. Chora mistari miwili sakafuni kwa chaki: huo ni mto. Katikati weka kipande cha karatasi: hicho ni kisiwa. Karatasi nyingine ndogo ni mawe ya kukanyagia. Watu wawili wanafika wakitaka kuvuka na wanaogopa. Anatokea wa tatu, anamwonyesha wa kwanza mawe, lakini yule anasitasita, basi anambeba mgongoni. Wakifika kisiwani mbebaji amechoka, anamtua pale na kumwacha. Anamrudia wa pili, naye anataka kubebwa. Safari hii anakataa. Anamshika mkono na kumwonyesha jiwe hili, kisha lile, hadi katikati yule anaanza kupiga hatua mwenyewe. Wawili hao wanavuka wakifurahi. Yule wa kisiwani yuko palepale, anapunga mikono.

Kisha mwezeshaji anauliza tu: mmeona nini? Kwa nini ilitokea? Hutokea kwetu? Tufanye nini? Mchungaji aliyezoea kuitwa baba na kubebesha watu majibu hukaa kimya muda mrefu katika zoezi hili. Kwa wanaopenda kufuatilia nyuzi za historia: fikra hizo hizo za Freire zilikuwa zikifanya kazi Kamirithu, Limuru hiyo hiyo ya wanatheolojia, ambako mwaka 1977 wanakijiji waliigiza mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Serikali ilielewa vizuri kuliko makanisa ni elimu ipi ya kuogopa.

Basi kiliharibika nini?

Jibu rahisi ni kwamba kura ya siri ilirudi, vyama vingi vikaruhusiwa Desemba 1991, na kanisa likadhani kazi imekwisha. Si uongo, ila si ukweli wote. NCCK iliendelea vizuri kwa muda: mwaka 1992 ilitoa ripoti ya mapigano ya Bonde la Ufa ikiwa na majina na mahali, na mwishoni mwa 1999 makanisa, Waislamu na Wahindu walikaa pamoja Ufungamano House kudai katiba ya wananchi. Halafu watu wakaondoka. Katibu mkuu aliyeliongoza baraza hilo miaka mingi aligombea ubunge mwaka 2007 akashinda. Ni haki yake. Lakini taasisi iliyomlea mtu mmoja badala ya wachungaji elfu hubaki na kiti kitupu. Ghasia zilipolipuka baada ya uchaguzi wa mwaka huo, na watu wakachomwa ndani ya kanisa kule Kiambaa, Eldoret, Januari 1, 2008, viongozi wa makanisa walikuwa wameshagawanyika kwa kabila kama wanasiasa tu. Februari NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea pande. Ndugu wa Uamsho wangeitambua toba hiyo. Miaka miwili baadaye makanisa mengi yalipiga kampeni ya kuikataa katiba mpya, kwa ajili ya utoaji mimba na mahakama za Kadhi, na wananchi wakaipitisha Agosti 4, 2010 bila wao.

Mimi naamini ugonjwa wenyewe uko chini zaidi, kwenye daftari la mweka hazina wa parokia.

Mwaka 1971 John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Presbiteri Afrika Mashariki, alisimama Milwaukee, Marekani, akawaambia wenyeji wake jambo lililowashtua: wamishonari na fedha zao visimame kwa muda, Waafrika wapate kujisimamia. Nyumbani kanisa lake lilishika neno Jitegemea na kuliweka hata juu ya majengo. Gatu aliona kitu ambacho walimu wa mimbari walikisahau, kwamba anayelipia paa ana sauti chini yake. Alikuwa akiwazungumzia wazungu. Walipopunguza, nafasi yao haikujazwa na washarika peke yao. Ilijazwa na waheshimiwa.

Utaratibu tunaujua sote. Kanisa lina msingi uliosimama miaka mingi, nyasi zimeota kati ya nguzo. Kota ya dayosisi, yaani mchango wa parokia, inadaiwa, mshahara wa kasisi umechelewa. Inapangwa harambee. Mgeni wa heshima anafika ibada ikiwa katikati, kwaya inakatizwa ili akaribishwe, anapewa kiti cha mbele na kipaza sauti. Anatoa zake, kisha anatoa za marafiki zake, kwa bahasha, na kila bahasha inatangazwa jina. Wazee wa kanisa wanahesabu noti mbele ya madhabahu. Mtu aliyekalishwa pale kama mwenyekiti wa parokia, akijua kota iko wapi, amwambie nani kwamba fedha hizi hazijulikani zilikotoka? Na Jumapili inayofuata kasisi afungue wapi Biblia yake? Si kwa Nabothi, hakika.

Ndiyo maana nawaonea huruma makasisi kuliko ninavyowalaumu. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, aliwapiga marufuku wanasiasa kuhutubia kutoka mimbari za kanisa lake. Waje wakae kwenye mabenchi kama washarika wengine. Uamuzi mzuri. Lakini ulikuwa wa kipaza sauti, haukugusa bahasha, na mimbari haijawahi kuwa mahali ambapo mwanasiasa hulipia; hulipia nyuma, ofisini. Waliogusa bahasha walikuwa vijana. Katika maandamano ya Juni 2024 walianza kuyauliza makanisa kwa majina yanapokea nini na kutoka kwa nani, na Machi 2025, baada ya Rais kutoa shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, Nairobi, walijaribu kwenda kulikalia wakati wa ibada. Polisi walikuwepo. Watoto hawa hawakusomea Limuru, lakini swali lao lilikuwa la Gitari tupu.

Kuna mahali mafunzo yanaendelea vizuri, tena bila makelele. Wanatheolojia wanawake, waliounda mtandao wao wa Afrika kule Ghana mwaka 1989, waliingia palipokuwa pamefungwa. Nyambura Njoroge, mwanamke wa kwanza kuwekewa mikono ya uchungaji katika Kanisa la Presbiteri Afrika Mashariki, mwaka 1982, na Musa Dube wa Botswana walizunguka vyuo vya theolojia wakiwafundisha wakufunzi namna ya kuingiza Ukimwi katika kila somo, wakati ambapo makanisa mengi yalikuwa bado yakiuita adhabu. Na kuna usomaji wa Biblia wa makundi ulioboreshwa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, katika kituo kilichochukua jina letu, Ujamaa. Umefika Kenya kupitia kampeni ya Tamari dhidi ya ukatili wa kijinsia. Kundi linasoma 2 Samweli 13 kwa sauti, habari ambayo Jumapili huwa inarukwa. Halafu maswali. Wako wanaume gani katika habari hii, na kila mmoja alifanya nini? Wanawataja: Amnoni aliyembaka dada yake, Yonadabu aliyempa mpango, mtumishi aliyefunga mlango, Absalomu aliyemwambia dada yake anyamaze, Daudi aliyekasirika na asifanye lolote. Tamari mwenyewe alisema nini? Hapo ndipo watu hugundua kwamba alisema mengi, kwa hoja, na hakuna aliyemsikiliza. Swali la mwisho ni la hapa: katika kanisa letu, nani ni Daudi?

Mchungaji aliyepitia zoezi hilo na akina mama wa ushirika wake hasomi tena sura hiyo kama zamani. Nataka kitu cha namna hiyo hiyo kwa fedha na ardhi. Kabla mwanafunzi wa uchungaji hajawekewa mikono, apewe hesabu za mwaka za parokia atakayotumwa, bajeti ya kaunti yake, na sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, azisome mezani pamoja na mweka hazina na wazee wa kanisa. Aulize kila mchango wa mgeni wa heshima uliandikwaje, na ulifuatwa na ombi gani. Kisha aombe hati ya kiwanja ambacho kanisa lenyewe limesimama juu yake: kilitolewa na nani, mwaka gani, na kabla ya hapo kilikuwa cha shule, cha soko, au cha mtu. Ripoti ya Tume ya Ndung'u kuhusu ardhi iliyonyakuliwa ilikabidhiwa mwaka 2004. Haijawahi kufanywa kitabu cha kiada katika chuo chochote cha theolojia ninachokijua.

Wazee watakasirika. Baadhi watamwandikia askofu kwamba waliletewa mkaguzi badala ya mchungaji, na maaskofu wengine watamhamisha. Wanaoingia vyuoni sasa watakuwa darasani au parokiani uchaguzi wa Agosti 2027 utakapofika, na bahasha zitaanza kutembea mapema zaidi ya hapo, maana misingi yenye nyasi ni mingi na waheshimiwa wanaijua yote kwa majina.